Kiondo cha Kwanza

Kwetu Ukambani, au tuseme katika nyumba yetu, kiondo cha kwanza anachosuka msichana hakiuzwi. Hakipelekwi sokoni, hakitiwi mikanda ya ngozi, na hata kikitoka kibaya namna gani hakitupwi. Msichana anampa mama yake. Mama anakipokea kwa mikono miwili, anakipindua kutazama kitako, anacheka kidogo, kisha anakitia kazini jikoni mpaka kichakae kabisa. Hakuna sherehe wala maneno mengi. Mama yangu alimpa mama yake, na mama yake naye alimpa wake. Mimi sikumpa mtu yeyote kwa sababu sikuwahi kusuka.

Mama ndiye aliyenikataza. Yeye alikuwa akisokota katani pajani tangu asubuhi, kiganja kikienda na kurudi juu ya nyuzi, mpaka paja lake la kulia likapata ukanda laini usioota hata unywele mmoja. Alisuka akiwa ameketi, alisuka akitembea kwenda sokoni, alisuka hata akigombana na jirani. Nikinyoosha mkono niguse nyuzi zake, ananipiga kikofi. "Hiyo mikono ni ya kalamu," ananiambia. Viondo vyake vikanilipia karo mpaka kidato cha nne, kisha chuo cha hoteli. Chuo cha hoteli kikanileta Dubai, na Dubai ikaniweka dukani nauza viondo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikisimulia jambo hili kama kichekesho. Siku hizi sisimulii.

Duka liko JLT, mtaa wa maofisi marefu, chini ya mnara mmoja, upande unaotazama lile ziwa la kutengenezwa. Tunauza vitu vya mikono tu. Viondo vinatoka kwetu, shuka za pamba zinatoka Ethiopia, mikeka ya rangi inatoka Uganda, na mazulia ya sufu yanatoka Morocco. Kila kitu kimefungiwa kadi ndogo yenye picha ya mwanamke anayecheka. Ni mwanamke yuleyule kwenye kadi zote, za Ethiopia na za Morocco, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza.

Wateja wetu hushika kwanza, bei baadaye. Mtu anaingia kutoka ofisini na kitambulisho kinaning'inia shingoni, anachukua kiondo, anapeleka pua kwenye mdomo wa kiondo na kuvuta harufu ya majani makavu. Wengine hufumba macho. Yuko bwana mmoja wa ghorofa za juu ambaye huja wakati wa chakula cha mchana, anapitisha kidole gumba juu ya zulia la sufu, upande huu na upande ule, kisha anarudi kazini kwake. Hajawahi kununua kitu. Nilikuwa namwacha tu. Nadhani kila anachokigusa mchana kutwa ni kioo: meza kioo, simu kioo, mlango kioo, hata ukuta. Ukimtazama anavyoligusa lile zulia utamhurumia, kama wewe mwenyewe una nafasi ya kumhurumia mtu.

Kitu wanachokipenda zaidi ni kasoro. Hilo lilinichukua muda kulielewa. Msukaji akiishiwa na uzi mwekundu akaunga mwekundu mwingine uliofifia, mteja ataweka kidole papo hapo na kumwita mwenzake aje aone. Nyumbani mahali hapo ndipo mnunuzi anapopunguzia bei. Hapa ndipo wanapopendea. Wanataka kujua kwamba kuna mtu alikaa mahali fulani, akachoka, akaishiwa na rangi. Madam wetu alilijua hilo mapema, na ndiyo maana ana duka na mimi nina sare.

"Habibti, waambie ni mama yako aliyesuka," alinifundisha siku za mwanzo.

Nikamwambia vinatoka vijiji vingi, vinakusanywa na mtu, siwezi kujua.

"Inawezekana ni mama yako?"

"Inawezekana."

"Khalas. Waambie inawezekana."

Basi nikawa nawaambia inawezekana.

Sitaki kujidai kwamba miaka hiyo nilikuwa na huzuni. Mtu mwenye huzuni huwa ana kitu cha kushikilia. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi. Naamka Karama, mtaa tunaopanga chumba, nyuma ya pazia la kitanda changu, napanga foleni ya bafu, napanda metro, nasimama dukani, nawaambia watu inawezekana, narudi. Nikisikia habari mbaya nasema pole. Nikisikia nzuri nasema hongera. Siku moja nilijikata kidole na kisu cha kufungulia maboksi, nikaona damu kwenye shuka ya pamba kabla sijajua kwamba nimekatwa. Madam alisikitikia shuka, na kusema kweli hata mimi niliisikitikia shuka.

Ganzi hiyo ilianza likizo yangu ya pili. Nilimwacha binti yangu kwa mama alipokuwa anajifunza kutembea, baba yake akiwa ameshaenda zake kitambo. Likizo ya kwanza alijificha nyuma ya mama yangu, nikasema ni utoto, atazoea. Likizo ya pili hakujificha. Alinijia mlangoni na birika la maji ya kunawa, taulo begani, akanikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni wa maana. Akaniuliza kama safari ilikuwa njema. Akaniletea kiti kile kinachotolewa akija mchungaji. Nilinawa, nikashukuru, nikaketi. Kila mtu alimsifu kwa adabu yake, nami nikamsifu.

Mimi ananiita mami. Mama yangu ndiye anayemwita mwaitu, yaani mama, kwa Kikamba chetu. Neno hilo alilipata kinywani mwangu mwenyewe. Kila nilipopiga simu nilikuwa nasema, mwaitu, mmeamkaje, mwaitu, mvua imenyesha, naye akiwa mgongoni anasikiliza. Alipoanza kusema alimwita mama yangu vile alivyosikia anaitwa. Mama alijaribu kumrekebisha mwanzoni. Baadaye akaacha, nami sikumwambia aendelee.

Sasa ikatokea Jumapili moja, baada ya kanisa, mama ananiambia kwenye simu kwamba mtoto ameanza kitako.

"Kitako cha nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Cha kiondo. Ameniona nikisuka akakaa chini. Nikasema nimwache. Ni likizo ya shule."

"Mimi ulikuwa ukinipiga."

"Wewe nilikuwa na nguvu za kukupiga," akasema mama.

Tukacheka, tukaongea habari za mbuzi, tukaagana. Nikabaki na simu mkononi. Kitu kilikuwa kimeamka ndani yangu, kidogo tu, na sikukipenda. Nilijua mtoto atamaliza kile kiondo. Akishamaliza atakipeleka kwa mama yake, kwa sababu mama yangu hawezi kumfundisha kusuka asimfundishe na hilo. Nilitaka kije kwangu. Sikuwa nimetaka kitu chochote kwa muda mrefu, hata chakula nilikuwa nakula kwa sababu saa imefika, na sasa hapo nilikuwa mtu mzima nakitamani kiondo kilichopinda cha mtoto.

Nilimsimulia mwenzangu wa chumbani. Yeye anatoka Tanga, anafanya usafi hotelini, na saa za mapumziko hufuma vitambaa vya makochi kwa sindano ya kroshia. Chumba chetu hakina hata kochi moja. Anavituma nyumbani kwa ndugu zake wenye makochi. Akifuma midomo yake huhesabu bila sauti, na ukimsemesha katikati ya mstari atakuinulia kidole usubiri.

Alisubiri mpaka mwisho wa mstari. "Kwanza nyie Wakamba mna mambo," akasema. "Sisi Tanga mkonge tumeukata tangu enzi za babu zangu, tukaupakia melini ukaenda zake. Hakuna aliyekaa chini akausuka kapu, halafu akalililia kapu lenyewe."

"Mimi silii."

"Ndiyo, dada, naona. Hulii. Atakupa wewe. Mama ni mama."

Alisema hivyo huku anaanza mstari mwingine, kwa hiyo sikuweza kumjibu.

Wakati ule ule madam naye akapata wazo lake. Aliona mahali fulani kwamba wateja hukaa zaidi dukani kukiwa na mtu anayefanya kazi kwa mikono. Akaniletea kiondo kilichosukwa nusu, nyuzi zake zimesimama wazi pande zote, akaniwekea kigoda karibu na dirisha.

"Yalla, utakuwa unasuka mwisho wa wiki," akasema.

"Madam, mimi sijui kusuka."

Alinitazama kama nimemwambia sijui kupumua. "Lakini unatoka huko."

Nilimweleza habari ya kalamu. Alisikiliza vizuri, yeye si mtu mbaya, akasema ni hadithi nzuri sana, kisha akaniuliza kama naweza basi kushikashika. Nikashikashika. Nilikuwa nimemwona mama maisha yangu yote, kwa hiyo mikono ilijua wapi pa kwenda hata kama haikujua la kufanya ikifika. Nilikuwa nasuka mzunguko mmoja polepole, uzi mmoja mbele, mwingine nyuma, halafu duka likiwa tupu naufumua wote nianze tena, maana nikiendelea kile kiondo kitakwisha na madam atalazimika kuagiza kingine. Watu walinipiga picha. Mama mmoja wa makamo alisimama karibu na kigoda changu muda mrefu, akaniambia nina bahati, naishi na kitu halisi. Nikamshukuru. Nilikuwa nasuka mzunguko uleule kwa mara ambayo sikumbuki ni ya ngapi.

Ila nilijifunza mambo mawili matatu nikiwa pale. Nilijifunza kwamba mkono ukichoka unavuta, na ukipumzika unalegea, kwa hiyo mtu asiyezoea atasuka upande mmoja umebana na upande mwingine umelegea na kiondo kitaegemea kama mlevi. Nilijifunza pia kwamba kitako kinapogeuka kuwa ukuta, lazima uache kuongeza nyuzi za kusimama. Wanaoanza hawajui kuacha. Wanaendelea kuongeza kwa sababu ndivyo walivyofundishwa chini kwenye kitako, na mdomo wa kiondo unatanuka na kupindapinda. Nikakumbuka kiondo alichokitia bibi yangu majivu siku nyingi zilizopita, cha shangazi yangu mdogo, kilikuwa na mdomo wa namna hiyo. Hakuna anayeliepuka hilo mara ya kwanza. Hata mama yangu anasema chake kilikuwa hakiwezi kusimama.

Majuma yakapita. Kila nikipiga simu nauliza kiondo kimefika wapi, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za hali ya hewa. Kimefika kwenye kugeuka. Kimepanda. Kinakaribia. Halafu ikaja Jumapili nikauliza, mama akasema, "Bado bado," akaanza habari ya paa la choo. Jumapili iliyofuata akasema mtoto amekipumzisha kwanza. Kamera ya simu ikawa inaonyesha dari, au shavu lake, au mti wa nje. Nilipomwambia aigeuze nione jikoni alisema simu imekuwa ya ajabu. Sikufikiri kitu. Ganzi ina faida yake, mtu hafikiri sana.

Kisha mama mmoja wa kanisani kwetu akarudi kutoka likizo, akaniletea mfuko. Ndani kulikuwa na unga wa wimbi, dengu, na kiondo kimefungwa kwa gazeti. Mama alikuwa ameshanipigia asubuhi yake. "Mtoto amekutumia kiondo chake cha kwanza," alisema. "Upokee kwa mikono miwili."

Nilikipokea kwa mikono miwili, pale nje ya kanisa, kwenye jua, na mama wa watu akasimama anatabasamu akingoja nilie. Nikamwambia asante sana. Nikakifunga tena kwenye gazeti.

Chumbani nilikitoa nikakiweka kitandani. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya katani yenyewe na mistari miwili ya kahawia. Kilisimama. Nilikigusa kwa kidole nione kama kitaanguka, hakikuanguka. Mdomo wake ulikuwa mviringo kama wa kikombe. Nikapitisha mkono mahali kitako kinapogeuka na nyuzi zilikuwa zimeachwa kuongezwa hapo hapo panapotakiwa, kote kuzunguka, bila kusitasita hata mahali pamoja.

Mwenzangu akashuka kutoka kitanda cha juu. "Mpe hongera huyo mtoto," akasema. Akakichukua akakipindua papo hapo, maana yeye hata kitambaa chake mwenyewe hukitazama nyuma kwanza. Mbele, huwa anasema, kila mtu anajua kudanganya. Akatazama kitako. Akaingiza mkono ndani akapapasa. Uso wake ukabadilika kidogo, kisha akaurudisha mahali pake.

"Ana mkono mzuri," akasema, akanirudishia. "Mkono mzuri sana, dada." Akapanda tena kitandani kwake akachukua sindano yake, na kwa muda sikuisikia ikifanya kazi.

Mtoto aliyesuka kiondo kile alikuwa ameshaharibu kingine kabla yake. Mimi nilijua, na mwenzangu alijua, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Niliweka ndani yake vitana na mafuta ya nywele. Nikala wali uliobaki jana.

Nikawa nakibeba kazini. Madam alikiona akakishika, akakizungusha, akanirudishia. Alisema ni kizuri, ila kimenyooka mno, mteja atadhani kimetoka kiwandani. Nikamwambia kimesukwa na binti yangu. Akasema mashallah, akauliza kama ana vingine vilivyopindapinda. Nikamwambia inawezekana.

Nilikaa na jambo hilo Jumapili mbili tatu. Nilijiambia halina maana. Mtoto amelelewa na bibi yake, amempa bibi yake, bibi akamwambia asuke kingine cha kutuma, wakaniambia ndicho cha kwanza ili nisiumie. Hakuna ubaya hapo. Ni watu wema wawili wamekaa jikoni wakapanga namna ya kunificha ukweli. Hata mimi ningefanya hivyo. Nilijiambia pia kwamba haliniumi, na hilo lilikuwa kweli, halikuniuma. Lilikaa tu kifuani kama mzigo wa mtu mwingine nilioombwa nimshikie.

Mwishowe nikauliza. Ilikuwa mchana, wenzetu wengine wa chumbani wako kazini, mwenzangu wa Tanga yuko juu na uzi wake.

"Mwaitu," nikamwambia mama, "hiki kiondo nilicho nacho ni cha ngapi?"

Nikasikia kuku, nikasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa.

"Kwani kina kasoro?"

"Hakina. Ndiyo maana nauliza."

Mama yangu amesuka tangu kabla hajaota matiti. Alijua hawezi kunibishia. "Cha kwanza kiko hapa," akasema. "Nimetia vitunguu. Hakisimami, nimekiegemeza ukutani."

"Alikupa wewe."

"Nilikikataa. Nikamwambia mama yako yuko Dubai, mpelekee yeye. Akaniambia anajua mama yake ni nani." Sauti yake ikashuka. "Akasema, mami hajawahi kukuletea chake. Basi wewe chukua hiki badala ya kile cha mami. Ndivyo alivyosema. Nikashindwa kumrudisha. Unajua mimi sijawahi kupewa, wewe nilikunyima nyuzi mwenyewe."

Nilikaa wima kitandani. Nilifurahi, na nataka kulisema hilo wazi, kwa sababu furaha yenyewe ilikuwa imenipotea hata sura. Kumbe mtoto amekaa huko ananifikiria. Amejua kwamba kuna kitu sikumpa mama yangu, akanitolea yeye. Nilikiona kile kiondo kilichoegemea ukuta na vitunguu vyake nikakiona ni changu, nimekisuka mimi kwa mikono yake. Nilimwambia mama hakuna neno, amefanya vizuri kukipokea. Nikamwambia anipe mtoto.

"Mami," akasema mtoto.

"Ee, mami. Kiondo nimekipata. Nakibeba kazini kila siku."

"Hakijapinda."

"Hakijapinda kabisa."

Akafurahi, nikamsikia. Akaniuliza kama mimi najua kusuka. Nikamsimulia habari ya kigoda cha dirishani, ninavyosuka mzunguko mmoja na kuufumua, na watu wananipiga picha. Alicheka sana. Sijawahi kumchekesha hivyo, nami nikaendelea kumwongezea chumvi ili asiache.

"Hiyo si kusuka," akasema. "Ukija nitakufunza. Utaanza kitako mwenyewe."

"Sawa, utanifunza."

"Na kile chako cha kwanza utampa mwaitu."

"Changu si umeshamtolea wewe?" nikamwambia, bado nacheka. "Kile kilichopinda. Mwaitu ameniambia. Ulimpa badala ya changu."

Mtoto alifikiri. Alikuwa na ile adabu yake ya siku zote, hataki kumkosoa mtu mzima.

"Hapana, mami," akasema. "Kile ni changu. Nilimpa kwa sababu cha kwanza ni cha mwaitu. Wewe chako hujasuka. Ukikisuka utampa, atakuwa na viwili."

Nyuma yake nikasikia mama akimwita jina lake, haraka, akimwambia aende akawaangalie mbuzi. Simu ikabadilisha mikono. "Usimsikilize," mama akasema. "Ni mtoto, anasahau aliyosema."

"Hajasahau," nikamwambia. "Sawa, mwaitu. Atakuwa na viwili. Wewe, yaani. Utakuwa navyo viwili."

Nikamwambia vitunguu visikae sana humo vitaoza, kikapu cha katani hakitaki unyevu, kana kwamba mimi ndiye ninayepaswa kumwambia yeye. Akasema atavitoa. Tukaagana.

Mwenzangu alichungulia kutoka juu akaniuliza kama ninaumwa, maana nilikuwa nimejikunja na mkono uko kifuani. Nikamwambia siumwi, ila inauma. Akauliza wapi. Nikamwonyesha. Akaanza kushuka aje, nikamwinulia kidole asubiri. Ilikuwa muda mrefu sana hakuna kitu kilichoniuma, na nilitaka kukaa nayo kidogo kabla mtu hajaja kunipoza.